Kura ya Kondoo Waliolowa

Jumatatu asubuhi redio ilisema wiki hiyo kungepita mawimbi matatu ya baridi, na Verna Quaile akaweka kijiko chini ili asikie vizuri. La kwanza lingepita siku hiyohiyo, hafifu, na manyunyu ya hapa na pale. La pili lingefika Jumatano na manyunyu zaidi. La tatu lingekuja Alhamisi jioni, na hilo msomaji alilitaja kwa sauti ileile aliyosomea matokeo ya mbio za farasi: lina nguvu, lina upepo wa kusini, mvua yake itachanganyika na barafu, na wafugaji wa kondoo wanatahadharishwa. Kisha akaweka muziki. Watu wa redio hawana haya, wanakutangazia msiba wako bila hata kupumua.

"Wafugaji wa kondoo wanatahadharishwa," Verna alirudia. "Umesikia, Lyall?"

Mumewe alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu vyake laini vya kazi. "Nimesikia. Kila Septemba wanatutahadharisha. Mwaka juzi walitutisha hivihivi, wimbi likapitia baharini huko, likaenda zake."

"Na mwaka wa kabla ya huo?"

"Wewe mwanamke! Kwa kukumbuka mabaya hujambo."

Wakacheka wote wawili. Walikuwa wameoana miaka kumi na tisa na bado walichekana asubuhi, jambo ambalo majirani wengi pale nyanda za kati za Tasmania walikwisha kuliacha.

Lakini Verna alicheka huku anahesabu. Wanyoaji walikuwa wanaanza kazi kwake siku hiyo. Jumatatu hadi Jumatano wangenyoa madume na makundi ya kondoo vijana. Alhamisi ilikuwa siku ya kundi la mwisho, na kundi hilo ndilo lililomkosesha raha: kondoo majike mia tatu na arobaini, wote wana mimba, wamebakiza siku kumi kuzaa. Baba yake alipokufa alimwachia majike kumi na wawili wa uzao huo. Hawa wengine aliwapata mwenyewe kwa miaka ishirini na miwili ya kuchagua dume huyu na kumkataa yule, kupekua manyoya kwa vidole juani na kwenye matope, na kulala na viatu miguuni kila majira ya kuzaa. Ukimtajia kondoo mmoja alikutajia bibi yake. Wapo watu wanaojua ukoo wao wenyewe vibaya kuliko Verna alivyojua ukoo wa kondoo wake.

Kule majike hunyolewa kabla ya kuzaa, ili mama asikie baridi, atafute pa kujikinga yeye na mwanawe. Ni utaratibu mzuri hali ya hewa ikiwa na huruma. Jike mwenye manyoya yake anaweza kusimama kwenye wimbi la baridi usiku kucha na asubuhi ukamkuta anakula majani. Jike aliyenyolewa leo, akinyeshewa mvua ya barafu jioni hiyohiyo, utamkuta amekufa. Hilo halihitaji shule.

Kwa hiyo Verna alikuwa na ombi moja tu, nalo lilikuwa ombi la ajabu kwa mwenye kondoo. Aliomba mvua ya Jumatano iwe ya kutosha. Kondoo wakiwa wamelowa, hawanyolewi. Wangekaa na makoti yao siku ya Alhamisi, wimbi la tatu lingewapitia wakiwa wamevaa, na wangenyolewa Jumatatu jua likiwaka.

Tatizo ni kwamba anayeamua kama kondoo wamelowa au hawakulowa si mwenye kondoo. Wanaamua wanyoaji, kwa kura. Ni desturi ya zamani, na ina sababu yake. Kondoo aliyelowa anamwachia mnyoaji majipu mapajani na maumivu ya viungo ambayo hayaondoki hata akistaafu. Basi kukiwa na wasiwasi, kila mnyoaji ananyoa kondoo wawili, wanasimamisha mashine, kisha wanapiga kura ya siri. Katika kikosi hiki walitumia njiti za kiberiti. Yenye kichwa ni kavu, isiyo na kichwa ni maji. Zinatiwa kwenye kopo la chai mtu mmoja mmoja, wengine wakiwa wamegeuka, zinahesabiwa, zinatupwa jikoni motoni, na mambo yamekwisha. Wingi wa kura ndio sheria. Mwenye kondoo anasubiri nje na mdomo wake ameufunga.

"Ukitia mdomo kwenye kura ya wanyoaji," baba yake alizoea kumwambia, "mwakani utawanyoa mwenyewe kwa mkasi wa jikoni."

Hakuwa anatania. Mwenye shamba aliyeikataa kura ya kavu, kikosi kilifunga mizigo kikaenda zake kwenye banda linalofuata, na habari zake zilifika wilaya nzima kabla hajaosha vikombe. Wasingerudi mpaka Novemba, wanakondoo wakiwa wameshatapakaa malishoni.

Wanyoaji walikuwa watano. Mkubwa wao alikuwa mzee Perce Oldaker, miaka sitini na mitatu, aliyenyoa katika banda lile tangu Verna akiwa na meno ya utoto, na ndiye aliyeshika kopo la kura. Wa pili aliitwa Snow, mtu wa maneno machache na magoti mabovu. Hao wawili hata umande walikuwa wanauita mvua. Wengine wawili walikuwa vijana, Darrell na Craig, watoto wa mama mkubwa na mdogo, waliokuwa wanashindana nani anyoe wengi zaidi, na Verna alikuwa na hakika hao wangemnyoa hata kondoo aliyetoka kuogelea. Wa tano alikuwa Lyall, mumewe, ambaye kila mwaka majira ya kuchipua alijiunga na kikosi na kuzunguka nacho mabanda yote ya wilaya. Kwa hiyo hesabu haikuwa ngumu. Maji mbili, kavu mbili, na ya tano ilikuwa inalala kitanda kimoja na Verna.

Jumatano mvua ilikuja kama ilivyoahidiwa. Haikuwa kubwa. Ilikuwa manyunyu ya kuja na kuondoka, jua linachungulia kidogo halafu wingu jingine linafika na mzigo wake. Saa kumi na mbili jioni walikaa kula, nyama ya kondoo na boga la kuoka, na Verna akauliza bila kuzunguka.

"Kesho utatia ipi?"

"Kura ni siri, mama."

"Lyall!"

Akacheka, akamshika mkono juu ya meza. "Unaniuliza kweli? Nitatia maji. Wale wamelowa mpaka ngozi, hata kipofu ataona. Lala usingizi wako."

"Wataanza kukutania. Watasema umepiga kura ya mkeo."

"Wanasema hivyo miaka yote. Juzi Craig kaniambia nikifika nyumbani nachungwa na mbwa pamoja na kondoo." Alikata kipande cha nyama. "Nimezoea."

Verna alishukuru, na alishukuru kutoka moyoni. Alijua Lyall hakuzaliwa kwenye shamba wala hakulipenda kama yeye. Ndugu yake alikuwa Queensland, kwenye joto, ana duka la vifaa vya kuvulia samaki, na kila Krismasi alipiga simu kuwauliza wanangoja nini kwenye baridi hiyo. Lyall akikata simu alikuwa anasema, "Twende tukamalizie maisha kwenye jua, Verna," naye akimjibu, "Nimwachie nani majike wangu?" Walikuwa wameyasema hayo mara nyingi hivi kwamba Verna aliyahesabu kuwa utani wa nyumbani. Alilala vizuri usiku ule, jambo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe.

Alhamisi asubuhi manyunyu yalikuwa bado yanaanguka. Saa moja na nusu Verna alisimama zizini akatenganisha manyoya ya jike mmoja kwa vidole gumba, akaona maji yanang'aa mpaka kwenye ngozi. Akamwangalia wa pili, wa tatu. Wote hivyohivyo. Moyo ukatulia. Ndani ya banda mashine zilinguruma, kila mtu akanyoa wawili wake, zikanyamaza. Aliwaona wanaume wakitoka kidogo kunyoosha migongo. Aliona Lyall amesimama pembeni na Darrell na Craig, anavuta sigara, anawaambia jambo, vijana wanaitikia kwa vichwa. Kisha wakarudi ndani. Mlango ukafungwa.

Mzee Perce alipotoka alikuwa ameshika kopo tupu, na uso wake haukuwa na kitu cha kusoma.

"Kavu tatu," alisema. "Maji mbili. Tunanyoa, binti yangu."

Verna hakuelewa. Alisikia, ila hakuelewa. Nyuma ya Perce, Lyall alikuwa mlangoni, naye Verna akamtazama kwa macho yote. Lyall akapandisha mabega, akaja karibu kana kwamba anataka kusogeza geti, akainama.

"Si mimi," alinong'ona. "Mzee amekugeuka. Unajua bintiye yuko karibu kujifungua kule Launceston? Tangu jana anaimba anataka kumaliza kazi leo ili Jumamosi asafiri. Niache nisiseme zaidi."

"Perce? Perce huyu?"

"Na mimi sikutegemea. Binadamu, Verna."

Angeweza kukataa palepale. Nalisema hili kwa sababu yeye mwenyewe amelisema mara elfu. Angeweza kusimama mlangoni na kusema kondoo ni wangu, leo hanyolewi hata mmoja, nendeni. Lakini alikuwa binti wa baba yake. Kura ilikuwa kura, na wanaume watano walikuwa wamesimama wanamngoja afungue geti, naye akalifungua. Majike wakapanda mbao kuingia ndani wakigongana ubavu, matumbo yao makubwa yakiyumba.

Kutwa nzima alipanga. Chini ya sakafu ya banda, lililoinuliwa juu ya nguzo, palitosha kondoo mia moja na ishirini, wakibanana. Waliobaki wangekaa nyuma ya safu ya misonobari, ambayo hukinga upepo wa magharibi. Redio ya saa saba ilisema wimbi limeongeza mwendo. Kila jike aliyetoka kwenye tundu la banda, mweupe, mwembamba ghafla, mishipa ya shingo inaonekana, Verna aliona kama anamtoa mtu nje bila nguo.

Saa tisa, wakati wa chai, alipeleka skonzi na birika kama kawaida, na alipofika kwa Perce mkono ukakataa kumimina.

"Umekula kwenye meza ya nyumba yetu miaka thelathini," alimwambia, na wote wakasikia. "Ulibeba jeneza lake. Leo umeniulia kondoo wangu ili uwahi safari."

Snow aliacha kutafuna. Vijana waliangalia sakafu. Lyall alikuwa ananoa kisu cha mashine yake na hakuinua kichwa.

Perce alimtazama Verna. "Kura ni siri," alisema. "Siwezi kukujibu hilo, mwanangu. Ningekujibu ningekuwa nimewakosea wenzangu wote."

"Basi usinijibu. Ila chai yangu usinywe tena."

Mzee aliweka kikombe kitupu juu ya mbao, taratibu, akaenda kukaa nje kwenye manyunyu mpaka kengele ilipolia.

Wimbi lilifika saa kumi na robo. Walikuwa wamebakiza majike hamsini. Kwanza upepo wa magharibi ulikatika kabisa, majani yakasimama, mbwa wakaacha kubweka. Kisha upepo ukaanza upya kutoka kusini, mkali, na mbingu ya upande huo ilikuwa nyeusi mpaka chini. Joto lilishuka wakati watu wanavaa makoti. Mvua ilianza ya kawaida, baada ya nusu saa ikawa ya barafu, inapiga mabati mpaka watu wanapigiana kelele ili wasikizane. Wanyoaji walimaliza hao hamsini, wakapakia vitu vyao, wakaondoka na gari lao taa zikiwa zimewashwa.

Verna na Lyall walifanya kazi pamoja jioni hiyo yote. Nataka hili lijulikane, maana ndilo linaloudhi kuliko yote. Lyall alifanya kazi kama punda. Aliingiza mia na ishirini chini ya banda, akawasukuma kwa mikono. Aliwafuata waliobaki kule misonobarini, ambako upepo wa kusini ulikuwa unapita katikati ya miti kana kwamba hakuna mti. Alijaribu kuwarudisha. Kondoo aliyenyolewa akipigwa na mvua ya barafu anageuza mgongo na kwenda anakosukumwa, na hawa walisukumwa mpaka kona ya ua, wakapandana. Lyall aliwabeba wengine mabegani mmoja mmoja. Alilia, au ilikuwa mvua. Verna aliona na akampenda.

Asubuhi kulikuwa kweupe na kimya, jua zuri. Katika kona ya ua walilala majike mia moja na themanini na watatu. Verna aliwahesabu kwa kugusa kila mmoja, na aliowajua kwa sura aliwataja mama zao. Alipoweka mkono kwenye tumbo la mmoja, jike mwenye umri wa miaka minne, ndani yake kitu kilipiga teke mara mbili, kisha hakikupiga tena. Alikaa chini kwenye barafu. Alisema jina la Perce Oldaker na akaongeza maneno ambayo sitayaandika.

Ijumaa na Jumamosi Lyall alichimba shimo kwa trekta. Jumapili alienda mjini kutafuta chokaa ya kumwagia, na alipokuwa hayupo Darrell akaja na gari la mama yake, ana pai ya nyama imefunikwa kitambaa, na macho yamemvimba. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

"Shikamoo, mama. Mama yangu amenituma. Na mwenyewe nimetaka kuja. Nipe kazi yoyote."

"Marahaba. Kazi imekwisha, mwanangu. Tumebakiza kufukia."

Alisimama anazungusha kofia mikononi. "Sijalala tangu Ijumaa. Craig naye vilevile. Tunasema, hivi tungekataa tu? Tungetia maji kama tulivyokuwa tumepanga? Lakini kwa kuwa wewe mwenyewe ndiye uliyetaka…"

"Nilitaka nini?"

"Wanyolewe." Darrell alimtazama. "Si ulitaka?"

Verna aliweka pai juu ya boneti ya gari. "Hebu niambie polepole."

"Tulipotoka kabla ya kura. Mama, kondoo walikuwa wanachuruzika, mimi na Craig tulikuwa tumeshakubaliana ni maji, tena tulikuwa tunacheka kwamba kwa mara ya kwanza tutakuwa upande mmoja na wazee. Mzee Lyall akatuita. Akasema, 'Vijana, Verna anataka wamalizike leo, atawaweka wote ndani ya banda, ameshapanga. Mkitia maji mtamkwamisha. Lakini sheria mnaijua, hawezi kuwaambia mwenyewe.' Tukasema, sawa, kama ndivyo anavyotaka bosi. Akasema, 'Na mimi natia kavu, tuko pamoja.' Basi." Aliikunja kofia. "Tulifikiri tunakusaidia, mama."

Verna alihesabu kwenye vidole, kama mtoto. Darrell. Craig. Wa tatu. Halafu akahesabu wawili waliobaki, na aliyekuja wa kwanza alikuwa mzee mwenye kikombe kitupu.

Hesabu haikuwa ngumu hata kidogo. Kura za maji zingekuwa nne bila Lyall. Lyall hakuhitaji hata kutimiza ahadi yake. Angekaa kimya tu, angekohoa tu, angevuta sigara yake peke yake, na majike mia na themanini na watatu wangekuwa hai. Ilimbidi ajitahidi. Alimpiga changa la macho mkewe, akawapiga vijana wawili, na alipomaliza akamtupia mzee wa watu mzigo wake, na mkewe akaupokea na kumpiga nao mzee mbele ya watu. Miaka kumi na tisa, Verna alisema kwa sauti, na Darrell akadhani anaulizwa kitu.

Hakumwambia Lyall neno siku hiyo. Lyall alirudi na chokaa, akaimwaga, akanawa, akasema maskini majike wako, akamshika bega. Verna aliliacha bega lake pale lilipo. Alitaka asikie kinywani mwa Lyall mwenyewe, na alitaka wasikie wengine waliodanganywa.

Jumatatu Lyall aliondoka alfajiri kwenda kwenye banda ambako kikosi kilikuwa kimehamia, maili kumi na mbili. Saa tatu kasoro robo Verna naye alifika. Alipanda ngazi, akasukuma mlango, akatembea kwenye sakafu yenye mafuta ya manyoya mpaka katikati. Mashine tano zilikuwa zinanguruma. Mmoja mmoja wakamwona, lakini hakuna aliyesimama, maana mnyoaji hamwachi kondoo katikati ya kazi. Alingoja mpaka Perce akamwachilia wake kwenye tundu na kunyoosha mgongo.

"Mzee Perce," alisema, na ilibidi apaze sauti. "Alhamisi nilikuvunjia heshima mbele ya hawa watu, kwa hiyo nimekuja kukuomba radhi mbele yao. Ulitia maji. Snow alitia maji. Sasa najua, na wala hukuniambia wewe. Nisamehe."

Perce alifuta shingo kwa taulo. "Binti yangu, nani kakwambia habari za kura?"

"Mimi," Darrell alisema. Alikuwa ameacha kunyoa, ameshika kondoo wake kwa magoti. "Mzee Lyall alituambia ndivyo Mama Verna anavyotaka. Mimi na Craig. Tukatia kavu."

"Verna." Lyall alikuwa katika nafasi ya tatu, kondoo mbele yake nusu amenyolewa. "Si hapa. Twende nje."

"Hapa ndipo. Uliwaambia hivyo au hukuwaambia?"

"Twende nje, nakuomba."

"Uliwaambia au hukuwaambia?"

Lyall aliwatazama wenzake mmoja mmoja, akitafuta mahali pa kushika. Miaka kumi na miwili alikuwa nao, amekula nao, amelala nao kwenye vibanda, na Verna aliona jinsi kila uso aliougusa kwa macho ulivyofunga mlango.

"Nilidhani watakufa wachache," Lyall alisema. "Ishirini. Thelathini hivi. Kiasi cha kukuchosha tu, Verna, useme yatosha, twende zetu kwenye jua. Wachache tu. Nani alijua wimbi litakuwa vile?"

"Redio ilijua," Verna alisema. "Ilituambia sote wawili."

Perce alinyoosha mkono, akavuta kamba ya mashine yake, ikazima. Snow akavuta ya kwake. Craig akavuta. Darrell akamalizia mguu wa nyuma wa kondoo wake, akamsukuma tunduni, akavuta ya kwake. Ikabaki ikinguruma moja.

"Mmalize huyo," Perce alimwambia Lyall, bila ukali. "Kondoo hana kosa. Halafu shuka, chukua taulo lako, na usitafute nafasi kwenye kikosi chochote ninachokijua."

Lyall aliinama. Verna angeweza kuondoka wakati huo, alichokijia alikuwa amekipata, lakini alisimama palepale na kumwangalia mumewe akimnyoa kondoo wa mtu mwingine, kutoka kiunoni hadi shingoni kwa mpito mmoja mrefu wa mkono, akimgeuza kwa goti bila kumuumiza, bila kumkata hata mahali padogo. Alikuwa ananyoa vizuri. Hata siku ile mikono haikumtetemeka, na manyoya yaliteremka sakafuni yote kipande kimoja.

"Hivi ndivyo alivyonishika na mimi, kisu nisikisikie," Verna alimwambia Perce, na hapo ndipo alipolia.